Kuipeleka Familia kwenye Mgahawa Mpya wa Kikorea: Mwongozo kwa Wanaoanza

Kila unapofunguliwa mgahawa wa Kikorea, iwe Dar es Salaam au Nairobi, maswali yanayokuja ni yale yale. Kila kitu kina nguruwe? Watoto watakula nini? Vijiti ni lazima? Mbona tumeletewa visahani ambavyo hatukuagiza, tutalipishwa? Mwongozo huu unayajibu, na unamlenga hasa anayekwenda na familia nzima: watoto, mzee mmoja au wawili, na yule ndugu ambaye hapendi kujaribu vitu vigeni.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: chakula cha Kikorea huwekwa katikati ya meza na kila mtu hujichukulia. Kama umekulia kwenye sinia, nusu ya somo unalo tayari. Familia nyingi hutoka zikinung'unika kwa sababu kila mtu aliagiza sahani yake, mmoja akapata tambi za pilipili asizoziweza, mwingine nyama bila wali, na bili ikawa kubwa bila mtu kushiba vizuri. Agizeni kwa ajili ya meza.

Vitu vya kuandaa kabla ya kutoka nyumbani

- Orodha ya nani hali nini. Uliza nguruwe, pombe, kamba na samaki, mayai, ngano, soya na ufuta. Ufuta na soya ndivyo vinavyosahaulika, na ndivyo vilivyo karibu kila mahali: mafuta ya ufuta humwagiwa mboga, nyama na wali, na sosi ya soya ndiyo chumvi ya jikoni mle. Sosi hiyo mara nyingi hutengenezwa pamoja na ngano.
- Malipo ya njia mbili. Mgahawa mpya mara nyingi mashine ya kadi haijafungwa au inasumbua. Uwe na salio la kulipia kwa simu, na fedha taslimu kidogo.
- Nguo za kufulika. Nyama huchomwa mbele yenu na harufu hubaki kwenye nguo na nywele. Kitenge kizuri na buibui la sherehe yabaki nyumbani.
- Soksi safi, kwa kuwa baadhi ya migahawa ina sehemu ya kukaa sakafuni na viatu huvuliwa.
- Uma na kijiko cha mtoto, kama una mtoto wa chini ya miaka mitano.

Hatua ya 1: Usiende wiki ya ufunguzi

Najua watu wanapenda kuwa wa kwanza. Lakini jiko jipya halijajizoesha, nusu ya menyu haipo, na wahudumu bado wanajifunza majina ya vyakula. Ukiwa na watoto wenye njaa, kungoja saa nzima ni mateso kwenu na kwa meza za jirani. Acha wiki tatu au nne zipite, kisha nenda mchana wa katikati ya wiki, au Jumamosi kabla ya saa saba. Wakati huo mhudumu ana nafasi ya kukuelekeza, na hicho ndicho mgeni anachokihitaji zaidi.

Hatua ya 2: Piga simu na uulize maswali haya

Usiridhike na picha za mtandaoni. Piga simu siku moja kabla, uulize:

1. Mna meza zenye jiko la kuchomea? Ni la mkaa, gesi au umeme? Meza moja inatosha watu wangapi? Kwa kawaida jiko moja linatosha watu wanne. Mkiwa sita au zaidi omba majiko mawili.
2. Vyakula gani vya kwenye menyu havipo kwa sasa?
3. Nyama ni halali? Mnapika nguruwe?
4. Mna vyakula visivyo na pilipili kabisa?
5. Bei za menyu zina kodi ndani yake, au huongezwa mwishoni?

Swali la tatu linahitaji subira, kwa sababu jibu la "ipo ya ng'ombe pia" halitoshi. Nguruwe ana nafasi kubwa katika upishi wa Kikorea, na hajifichui kila mara. Samgyeopsal ni kitimoto cha tumbo, hilo liko wazi. Lakini mandu, yale maandazi madogo ya nyama yanayochemshwa kwa mvuke au kukaangwa, mara nyingi yana nguruwe ndani. Jjajangmyeon, tambi za sosi nyeusi wanazozipenda watoto kwenye tamthilia, huwa na vipande vya nguruwe. Kimchi-jjigae, mchuzi wa kimchi, vivyo hivyo. Kimbap, wali uliosokotwa ndani ya mwani, unaweza kuwekewa hemu. Sundae si aiskrimu. Ni utumbo uliojazwa damu na tambi.

Kwa hiyo kama nyumbani kwenu nguruwe haliwi, uliza zaidi. Bulgogi, ile nyama ya ng'ombe ya vipande vyembamba, imelowekwa kwenye nini? Jiko jingine hutia mvinyo wa mchele au mirin, ambavyo ni pombe. Wavu, koleo na mkasi wa nguruwe ndivyo hivyo hivyo vinavyotumika kwa ng'ombe? Mgahawa wenye msimamo utakujibu bila kusitasita. Ukisikia mtu anababaika kwenye simu, chukulia kwamba hakuna utaratibu, na uamue kwa kuzingatia hilo. Usimpeleke mama mkwe mahali ambapo jibu litatafutwa mezani.

Kwa wasiokula samaki wala nyama: kimchi nyingi hutiwa sosi ya samaki au kamba wadogo wa chumvi, na supu nyingi huanza na dagaa waliokaushwa. "Ya mboga" kwenye menyu haimaanishi kwamba haina samaki. Uliza.

Hatua ya 3: Pangeni viti kabla ya kukaa

Mzee akae mbali na jiko, upande ambao moshi hauelekei. Watoto wasikae mahali ambapo mkono wao unafika kwenye wavu. Mchomaji awe mtu mzima mmoja tu, aliye karibu na jiko. Watu watatu wakigombea koleo nyama huungua. Juu ya meza kuna bomba au kofia ya kuvuta moshi. Muombe mhudumu aiteremshe na kuiwasha kabla moto haujakolea.

Hatua ya 4: Pokea visahani vya pembeni

Mkishaagiza tu, zitaletwa sahani ndogo ndogo nyingi. Zinaitwa banchan, na katika utaratibu wa Kikorea hazilipiwi. Zikiisha huongezwa. Mkiwa kwenye mgahawa mpya, uliza kwanza kama kuongezewa ni bure, maana wengine wameanza kutoza.

Kimchi lazima iwepo: kabichi ya Kichina iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili, kitunguu saumu na tangawizi. Mazoea ya familia na majirani kukutana kuitengeneza kwa ajili ya majira ya baridi yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2013, kwa hiyo usishangae mwenye mgahawa akikutazama usoni unapoonja. Ni chachu na ina harufu. Anza na kipande kidogo pamoja na wali, si peke yake.

Nyingine zitakuwa chipukizi za maharage, mchicha uliotiwa mafuta ya ufuta, figili, viazi. Tafuta kisahani cha dagaa wadogo wakavu waliokaangwa kwa soya na sukari mpaka wakawa wanang'aa. Hao ndio huwashika wazee. Bibi aliyesema hataki kitu atachukua mmoja, kisha utaona kisahani kimesogea upande wake.

Onyo: msivimalize visahani kabla ya chakula kufika. Ni vya kula pamoja na wali na nyama. Pia vina chumvi nyingi, na mwenye shinikizo la damu aonje tu.

Hatua ya 5: Agiza kwa ajili ya meza, na agiza nusu kwanza

Kanuni ya haraka: chakula chenye wekundu kina pilipili. Tteokbokki (vipande vya mchele kwenye sosi ya pilipili), sundubu-jjigae (mchuzi wa tofu laini), kimchi-jjigae na yukgaejang (supu ya nyama ya ng'ombe) ni vyekundu na vikali. Visivyo na pilipili ni hivi:

- Bulgogi: ng'ombe aliyekatwa vipande vyembamba, akalowekwa kwenye soya, sukari, kitunguu saumu na mara nyingi tunda la peasi. Ni tamu, na watoto huipenda mara moja. Mwenye kisukari akumbuke hiyo sukari.
- Galbi: mbavu za ng'ombe. Hii ndiyo ya baba aliyezoea nyama choma.
- Japchae: tambi za wanga wa viazi vitamu zilizokaangwa na mboga, laini na zinazoteleza.
- Gyeran-jjim: mayai yaliyopikwa kwa mvuke yakaumuka. Mtoto asiyekula kitu kingine chochote atakula hili.
- Kuku wa kukaanga: hukaangwa mara mbili, ngozi ikawa nyembamba na kavu. Omba wa kawaida au wa soya na kitunguu saumu, siyo ule mwekundu.
- Samgyetang: kuku mdogo mzima aliyejazwa mchele wa kunata, kitunguu saumu, jinsengi na kunazi kavu, akachemshwa mpaka nyama inaachia mfupa. Korea huliwa siku za joto kali kabisa, kwa hiyo joto la Dar si kisingizio. Kwa mzee mwenye meno mabovu hakuna chaguo bora zaidi kwenye menyu nzima.

Kwa familia ya watu sita, wazazi wawili, bibi na watoto watatu, mimi ningeanza hivi: sehemu mbili za bulgogi na moja ya galbi, japchae moja, bibimbap moja ya bakuli la jiwe (wali wenye mboga, nyama na yai juu), samgyetang moja kwa bibi, na vibakuli vinne vya wali. Halafu subiri. Mkiona bado mna njaa, ongezeni. Sehemu moja ya nyama huwa kama gramu 150 hadi 200, na migahawa mingi hukataa kuwasha jiko kwa sehemu moja tu, huanzia mbili.

Wali mara nyingi haumo kwenye bei ya nyama ya kuchoma. Uagize. Nao hauna chumvi, hauna nazi, hauna mafuta, na punje zinashikana. Haukuharibika, ndivyo ulivyo, kwa sababu vitoweo vina chumvi ya kutosha.

Onyo: tteok, vile vipande vya mchele uliopondwa vilivyomo kwenye tteokbokki, ni laini lakini vinanata na vinaweza kumpalia mtoto mdogo au mzee. Vikate vidogo kwa mkasi. Na uulize kuhusu yai: bibimbap nyingine huja na kiini kibichi, na yukhoe ni nyama mbichi kabisa. Kwa watoto na wajawazito omba yai lililokaangwa, na yukhoe iacheni.

Hatua ya 6: Vijiti na kijiko

Vijiti vya Kikorea ni vya chuma, vyembamba na bapa, hivyo huteleza kuliko vya mbao. Kijiti cha chini kilaze kwenye mzizi wa kidole gumba na kukiegemeza kwenye kidole cha pete, hicho hakisogei. Cha juu kishike kama kalamu, hicho ndicho kinachofungua na kufunga. Jaribu na kipande cha figili kabla ya kwenda kwenye tambi.

Wali na supu huliwa kwa kijiko kirefu, bakuli likiwa mezani. Usilinyanyue. Usisimamishe vijiti kwenye wali, kwani hufanana na wali unaotolewa kwa marehemu. Mkubwa huanza kula kwanza, na kumpa mzee kitu hutumika mikono miwili. Hayo watoto wetu wanayajua, wakumbushe tu. Asiyeweza vijiti aombe uma bila aibu.

Hatua ya 7: Kuchoma nyama

1. Ngoja wavu upate moto. Tone la maji likiruka na kukauka papo hapo, tayari.
2. Anza na nyama isiyolowekwa, kama mnayo. Iliyolowekwa ina sukari, huunguza wavu na kuacha weusi unaoharibu kila kinachofuata.
3. Tandaza vipande bila kubanana. Wavu ukijaa, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kuchomeka.
4. Bulgogi nyembamba huiva kwa dakika moja au mbili. Geuza mara moja. Hapa ndipo tunapokosea sana, kwa sababu nyama choma tuliyoizoea hukaa motoni muda mrefu. Hii ukiiacha inakauka kama karatasi.
5. Galbi ni nene kidogo. Igeuze, kisha ikate kwa mkasi ikiwa bado kwenye wavu. Mkasi mezani ni kifaa cha kawaida, nenda nao.
6. Kuku na nguruwe waive kabisa hadi katikati, bila haraka.
7. Wavu ukiwa mweusi, omba mwingine. Ni haki yako na hawatozi.

Onyo: koleo la nyama mbichi lisiguse iliyoiva. Omba la pili mapema. Na msichukue nyama motoni kwa kijiti ambacho mtu atakitia mdomoni.

Hatua ya 8: Tengeneza tonge la jani

Mtaletewa majani ya saladi, pengine na majani ya perila yenye harufu kali. Weka jani kiganjani, weka kipande cha nyama, wali kidogo, kitunguu saumu ukitaka, na ssamjang kiasi cha ncha ya kijiti, ile sosi nzito ya maharage ya soya na pilipili. Funga, tia lote mdomoni kwa mara moja. Ukiuma nusu litamwagika. Kwa hiyo fanya dogo. Huliwa kwa mkono, kwa hiyo nawa kwanza, na hapa bibi atawazidi wote.

Hatua ya 9: Bibimbap ya bakuli la jiwe

Bakuli hili hutoka motoni na hubaki na moto mkali kwa muda mrefu. Mtoto asiliguse hata likionekana limetulia. Omba sosi nyekundu iletwe pembeni. Acha bakuli dakika mbili bila kugusa ili wali wa chini ufanye ukoko, kisha tia sosi kidogo, koroga kila kitu pamoja, na kwangua ukoko mgawane. Bila kukoroga unakula mboga juu na wali mkavu chini.

Hatua ya 10: Bili

Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18. Kenya ni 16, na hotelini huweza kuongezwa tozo ya utalii ya asilimia 2 na ada ya huduma. Ndiyo maana uliuliza kwenye simu. Hesabu sehemu za nyama moja moja, kwa sababu kwenye meza inayoongeza mara kwa mara makosa hutokea. Dai risiti ya mashine ya kodi (kwa Tanzania, EFD). Korea kwenyewe bakshishi si desturi, lakini wahudumu wa hapa ni vijana wetu, na aliyewaelekeza vizuri mpe chochote. Kama mko kwenye mpango wa kula unavyoweza kwa bei moja, soma tangazo ukutani: wengi hutoza faini kwa nyama iliyobaki.

Mambo yakikwama

*Mtoto ameungua na pilipili.* Maji hayasaidii. Mpe maziwa, au wali mtupu, au gyeran-jjim. Asisugue macho kwa mikono ile.

*Nyama inanata kwenye wavu.* Wavu haukupata moto, au umechafuka. Subiri iachie yenyewe, kisha badilisha wavu.

*Supu ya tambi imekuja baridi na barafu ndani.* Hiyo ni naengmyeon, ndivyo inavyoliwa. Tambi zake ni ndefu na ngumu kukatika. Zikate kwa mkasi mara mbili.

*Chakula kimoja hakijafika na vingine vimeisha.* Jikoni mwa Kikorea kila kitu huletwa kikiwa tayari, hakuna mpangilio wa kwanza na wa pili. Zikipita dakika 20, muulize mhudumu kwa upole, kisha msimamizi. Kama hakijaanza kupikwa, kifute.

*Imeletwa nyama msiyokula.* Simamisheni meza yote, msiiguse kwa koleo, ombeni iondolewe pamoja na wavu na vifaa vyake. Usikubali kufutiwa wavu ule ule.

*Umeme umekatika na meza yenu ni ya mkaa.* Feni ya kuvuta moshi imesimama, na mkaa unaendelea kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ombeni mkaa utolewe mara moja, fungueni madirisha, watoto na wazee watoke nje mpaka jenereta iwashwe. Mtu akilalamika kichwa kinamuuma, nyote tokeni.

*Chakula kimebaki.* Fungiwa japchae, kuku na kimbap. Kimbap iliwe siku hiyo hiyo. Nyama mbichi iliyokaa mezani karibu na moto usiibebe. Kimchi itie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana kabla ya kuiweka kwenye friji, la sivyo maziwa ya asubuhi yatanuka kitunguu saumu.